Kiu ya Lokmani

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mapaa ya Mathura, jekundu na lenye moshi, Lokmani Chaturvedi alipotumwa na mkewe mtoni kuchota maji. Alinuna. Mtu mwenye tumbo kubwa kama lake hapendi kutumwa, na tena mtoni ndiko alikokuwa ametoka muda si mrefu.

"Mama anakata roho," Vimlesh alimwambia mlangoni, akimsukumia mtungi mdogo wa shaba kifuani. "Anataka maji ya Yamuna. Ya katikati, si ya ukingoni. Nenda, baba Kesar."

"Si nimempa asubuhi?"

"Ametema."

Lokmani alikuwa kuhani wa mtoni, kama baba yake na babu yake. Kutwa nzima alikaa juu ya kibao kipana penye ngazi zinazoteremka majini, chini ya mwavuli wa nyasi, akiwapaka mahujaji rangi kwenye paji la uso na kuwatamkisha maneno matakatifu ambayo yeye mwenyewe aliyatamka huku akifikiria chakula cha mchana. Aliwaambia wazame mara tatu. Walizama. Yeye hakuwa ametia hata kidole cha mguu katika mto ule kwa miaka mingi. Alioga nyumbani, kwa maji ya kisima cha mashine na sabuni ya kunukia.

Na kwa maji ya kisima hichohicho alijaza chupa ya mama yake kila asubuhi, tangu miguu ya bibi kizee ilipokataa kumshusha mtoni. Mama alikunywa amefumba macho. Lokmani alisimama kando ya kitanda na kumsimulia.

"Leo Yamuna kajaa, mama. Samawati! Kobe wameota jua mpaka kwenye ngazi."

Kobe! Kobe wa mwisho walikuwa wamekufa hata hakumbuki lini. Lakini hakuona kwamba anadanganya. Mama yake alimwona kama mtoto, mahujaji aliwaona mabwege, na mto aliuona kama ng'ombe mzee ambaye bado ana maziwa kidogo. Unamkamua, humuulizi habari.

Aliteremka uchochoroni akilalamika peke yake.

Kwenye ngazi palikuwa hapapitiki. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya kaka na dada kuoga pamoja wameshikana mikono, kwa sababu Yamuna ni dada yake Yama, mungu wa mauti apandaye nyati, na kwa ajili ya dada yake Yama humwachilia aliyeoga au kunywa maji yake. Kwa hiyo walikuwa wamejazana, wametoka kila mahali, na mabegi yao na vitoto vyao vinavyolia. Mto ulikuwa mweusi. Povu jeupe lilielea juu yake kwa vilima, limetoka kwenye viwanda na vyoo vya miji ya juu, na wanawake walilipukuta kwa mikono kama mtu anayefukuza nzi ili wapate mahali pa kuzama.

Mfanyabiashara mmoja mnene alimshika Lokmani mkono. "Maharaj, samahani... haya maji ni masafi kweli?"

Lokmani alikuwa na jibu lake la siku zote. "Mama anaweza kuwa mchafu, bwana. Najisi hawezi kuwa."

"Ah! Umesema neno!" Uso wa yule bwana ulikunjuka. Akainua mfuko wa plastiki wenye maua na nazi na picha za miungu, akaubusu, akautupa mtoni. Mfuko wenyewe na yote.

Mto haukuuchukua. Haukuwa na nguvu hiyo. Mfuko ulikaa palepale ulipoangukia, miongoni mwa wenzake, na yule bwana akaufumbia macho na kuunganisha viganja.

"Punda," Lokmani alinong'ona, akaenda kumtafuta mwenye mashua.

Khemu alikuwa amejilaza ndani ya mashua yake akitafuna tambuu. Aliposikia safari hiyo aliinua nyusi.

"Katikati, Maharaj? Katikati ipi? Huu mto siku hizi una kingo mbili tu."

"Piga kasia, acha maneno. Mama anakufa."

"Bibi Ramkatori?" Khemu aliketi sawasawa. "Haya, panda. Panda taratibu lakini, mashua haijazoea wakubwa kama wewe."

Walikwenda kidogo tu. Chini ya mashua mchanga ulikuwa ukikwaruza, kisha ukakwaruza zaidi, kisha wakasimama. Mbele yao palikuwa na fungu la mchanga, refu na jeusi, limefunikwa povu.

"Mwisho wangu hapa," Khemu alisema. "Ng'ambo ya fungu kuna kamkondo kembamba. Hako ndiko mto wenyewe, kilichobaki baada ya watu wa huko juu kuufunga kwa mabwawa na kuunywa. Mimi nakungoja."

Lokmani alikunja shuka yake mpaka magotini, akashuka kwa kisirani. Mchanga ulikuwa laini kama ugali. Alipita kati ya vilima vya povu vilivyomfika kiunoni, na vilipomgusa vilitoa sauti ndogo.

Ssss...

Nyuma yake kengele za sala ya jioni zilikuwa zikipigwa, na watu wakiimba. Alipiga hatua chache. Kengele zikawa mbali. Akapiga nyingine.

Kengele zikanyamaza.

Hakushtuka. Alifikiri wamemaliza mapema, wavivu wale. Alichokishangaa ni pua yake. Uvundo wa mto alikuwa ameuzoea hata hausikii tena. Sasa aliusikia, kwa sababu ulikuwa umekoma. Badala yake palikuwa na harufu ya vumbi lililonyeshewa mvua ya kwanza.

Ndipo akamwona.

Mwanamke alikuwa ameketi kwenye mkondo, amempa mgongo. Maji yalimfika kiunoni, ingawa yalikuwa haba kiasi hicho. Alikuwa mweusi sana. Sari yake imelowa na kumganda, na nywele zake zilishuka mgongoni, zikaingia majini, zikaendelea... Lokmani hakuona zinaishia wapi. Alikuwa anakohoa. Kikohozi kizito, cha mtu mwenye kitu kifuani kisichotoka.

"Umekuja kunichota?" alisema bila kugeuka.

"Nimekuja kuchota maji," Lokmani alimsahihisha. "Ondoka hapo mkondoni, mama. Unanichafulia."

Kikohozi kilikoma.

"Mimi?"

"Wewe, nani mwingine? Hapa kuna kazi ya ibada. Kwenu wapi? Ukoo gani?"

"Baba yangu jua," mwanamke alisema.

"Na wangu mwezi." Lokmani alicheka. Wendawazimu wa Mathura aliwajua wote. Huyu alikuwa mgeni. Mjane, bila shaka, mmoja wa wale wanaotupwa na wana wao kwenye treni ya kuja kufia mahali patakatifu. "Huna ndugu wa kukuchukua?"

"Ninaye kaka. Unamfahamu." Alisema polepole, kama mtu anayesikiliza nyayo. "Yuko njiani anakwenda kwenu."

"Akija ataondoka na njaa yake. Jioni hatutoi sadaka."

Hapo mwanamke aligeuka.

Uso wake haukuwa wa kutisha. Hilo ndilo lililomsumbua Lokmani baadaye, kwamba ulikuwa uso mzuri tu wa mwanamke mgonjwa. Lakini pembeni mwa mdomo wake palikuwa na povu, na alipofumbua midomo ili avute pumzi, Lokmani aliona kipande cha plastiki ya samawati kimelala nyuma ya ulimi wake.

Alinyoosha mkono akauchukua mtungi. Vidole vyake viligusa vya Lokmani. Baridi... Baridi ya theluji ya milimani, ambayo Lokmani hakuwahi kuiona maishani mwake, na hata hivyo aliitambua.

Mwanamke alishika nywele zake kwa mikono miwili, akazikamua juu ya mtungi.

Mwanzo hapakutoka kitu. Alikamua tena, akauma meno. Ukashuka uzi mmoja wa maji, mwembamba, angavu kiasi kwamba kulikuwa na mwanga ndani yake ilhali jua lilikuwa limeshazama. Mtungi ulijaa taratibu. Mwanamke alitetemeka mpaka mwisho, kama mama anayekamua ziwa lililokauka.

"Ndiyo niliyobaki nayo," alinong'ona. "Mpe Ramkatori. Alipokuwa msichana alikuwa anakuja kwangu alfajiri, anaogelea anasahau kurudi, anapigwa kwao. Mpe."

Lokmani alipokea mtungi kwa ncha za vidole.

"Usimwage," mwanamke alisema.

Alirudi kwenye mashua haraka kuliko alivyokwenda. Kengele zilikuwa zinapigwa tena. Khemu alimtazama, akatazama mtungi, akashika kasia.

Njia nzima Lokmani alikuwa anachemka. Mwanamke asiye na kwao, asiyejulikana ukoo wala tabaka, amekigusa chombo cha ibada cha Chaturvedi! Amekamulia humo maji ya kichwa chake! Watu wa ukoo wa Lokmani hawanywi hata chai mahali ambapo hawamjui aliyeipika. Na hayo ndiyo ampe mama yake awe nayo kinywani kwenye pumzi ya mwisho? Jinsi mwanamke yule alivyolijua jina la mama hakujiuliza. Mathura kila mtu anamjua kila mtu.

Mchafu angemvumilia. Huyu alikuwa najisi.

Nyuma ya hekalu dogo palikuwa na bomba la mkono. Lokmani alisimama juu ya mfereji, akaupindua mtungi.

Maji yalimwagika.

Yakaendelea kumwagika.

Mtungi ulikuwa mdogo wa kubebwa kwa kiganja, lakini maji yalishuka, yakashuka... na sauti yake haikuwa ya maji. Ilikuwa pumzi ndefu ya mtu anayeachia kitu alichokishikilia siku nyingi. Yalipoisha, mfereji ulikuwa mkavu. Lokmani aliusugua mtungi kwa majivu, ndani na nje, akapiga bomba, akajaza maji ya kisima kama kawaida yake.

Nyumbani walikuwa wamemlaza mama sakafuni, jinsi afanyiwavyo mtu anayeondoka. Vimlesh alimwinua kichwa. Lokmani aliweka jani la mrehani juu ya ulimi wa mama yake, akamtonea maji.

"Yamuna huyu, mama. Wa katikati kabisa."

Bibi Ramkatori aliyazungusha maji kinywani. Alikuwa amefumba macho, kama kila asubuhi. Kisha akayafumbua, akamtazama mwanawe kwa muda, bila hasira yoyote.

"Hata leo, Lokmani?" alinong'ona.

Akayaacha maji yatoke pembeni mwa mdomo.

Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa komeo. Walisikia komeo likivutwa. Halafu nyayo nzito, si za viatu, zikaja ukumbini bila haraka. Mwali wa taa ulilala ubavu. Chumba kikajaa harufu ya nyati aliyelowa.

"Nani ameingia?" Vimlesh alinong'ona. "Baba Kesar... nani huyo?"

Lokmani alimtazama mama yake. Macho ya mama yalikuwa yanafuata kitu kinachokaribia, na yalikuwa na hofu. Yeye aliyeambiwa maisha yake yote kwamba akiwa na maji ya Yamuna hatakuwa na haja ya kuogopa.

Komeo likarudi mahali pake.

Walimchoma mama asubuhi, ukingoni, wakati mahujaji wanaoga na kaka zao na dada zao hatua chache kutoka pale. Majivu waliyatupa mtoni. Yalikaa juu ya povu, hayakuzama. Lokmani alirudi nyumbani koo limekauka kwa moshi na jua.

"Maji," alimwambia mkewe.

Vimlesh alimpa bilauri. Lokmani aliinua, akaipeleka mdomoni, akaona.

Maji yalikuwa meusi. Povu limezunguka ukingo wake. Katikati ulielea unywele mmoja mrefu, unajikunja polepole.

Aliitupa bilauri ukutani. "Umenipa nini?"

"Maji! Ya kisima! Una wazimu?" Vimlesh alimwonyesha ukuta ulivyolowa. Ulikuwa umelowa maji tu.

Akampa nyingine. Ilipokuwa mkononi mwa mkewe, ilikuwa safi. Ilipopita kwake, ilikuwa mto. Akajaribu maziwa: meusi. Chai. Bangi iliyopondwa na maziwa na lozi, ambayo hajaikosa jioni moja tangu ujana wake: nyeusi, inanuka mfereji. Usiku alilia kwa kiu, mwanamume mzima na tumbo lake.

Daktari alisema ni mshtuko wa msiba, huwa unapita. Akamtundikia dripu. Lokmani alilala akiuangalia mrija, akaona weusi ukiteremka ndani yake, sentimita kwa sentimita, ukija kwenye mshipa wake. Aling'oa sindano kwa meno.

Jioni ya pili ulimi wake ulikuwa umevimba, hausemi. Aliamka kitandani, akateremka ngazi za mtoni kwa magoti, akiwapita mahujaji, mpaka pale ambapo bomba kuu la mji linamwaga vinyesi mtoni. Mtu mwenye akili hasimami pale. Alitia viganja majini, akainua.

Yalikuwa angavu. Yana mwanga ndani yake.

Alikunywa. Yalikuwa baridi na matamu, na alilia machozi huku anakunywa, akainama akanywa kama ng'ombe.

Tangu siku hiyo, kila jioni alikwenda. Hakuugua. Tumbo tu lilizidi kujaa, gumu, na usiku Vimlesh alisikia ndani yake sauti ya mto unaopita juu ya mawe, akahamishia mkeka wake chumba kingine.

Na mahujaji? Wale mabwege aliokuwa akiwacheka walimgeuza mtakatifu. Mtu anayekunywa uvundo wa bomba na hafi! Walimpiga picha, wakamgusa miguu, wakamletea maua ndani ya mifuko ya plastiki, na mifuko wakaitupa palepale anapokunywa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mtu analia anapokunywa maji.

Siku moja alimvizia Khemu mashuani.

"Yule mwanamke. Ulimwona alikokwenda?"

Khemu aliacha kutafuna. "Mwanamke gani, Maharaj?"

"Wa kwenye fungu la mchanga! Siku ya mama!"

"Mimi nilikuona wewe. Umesimama unagombana na kilima cha povu. Nikasema msiba huo, kila mtu na wake." Alitema tambuu majini. "Lakini..."

"Lakini nini?"

"Mtungi ulirudi umejaa. Na wewe hukuinama."

Lokmani alirudi fungu lile mara nyingi, akiita. Hakukuwa na mtu. Hata kamkondo kenyewe kalikuwa kanazidi kuwa kembamba, na mara moja alilazimika kuchimba kwa vidole ili akaone.

Halafu ikaja jioni moja mwishoni mwa majira ya baridi. Lokmani alikuwa ukumbini akijitayarisha kwenda kunywa. Vimlesh alikuwa dirishani na bilauri. Aliiinua kwenye mwanga, akaitazama. Akaimwaga. Akajaza nyingine, akaitazama kwa muda mrefu zaidi.

"Kuna nini?" Lokmani aliuliza.

"Hakuna."

Sauti yake ilikuwa imekauka. Midomo yake ilikuwa na mipasuko. Lokmani alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipomwona mkewe akinywa kitu.

"Vimlesh. Unaona nini humo?"

Mkewe aliiweka bilauri chini taratibu, akajitanda sari kichwani, akavaa ndala, akatoka.

Lokmani alimfuata mpaka mlangoni. Uchochoro ulikuwa na watu. Mwuza vitamu vya peda wa kona alikuwa ameacha duka wazi. Mke wa jirani alikuwa amebeba mtoto begani. Makuhani wenzake watatu, wenye matumbo yao. Yule daktari, na koti lake. Wote walikuwa wanateremka kuelekea mtoni, hawaongei, hawatazamani. Kilichosikika ni ndala tu, na namna koo zao zilivyokuwa zinajaribu kumeza.

Na nyuma yao, kutoka uchochoro wa juu, wengine. Na wengine...

Lokmani aliwaza kamkondo kale, upana wake, alivyokachimba kwa vidole.

Maji yaliyobaki hayatatosha watu wote.

Akaanza kukimbia. Alimpita daktari, akampita jirani na mtoto wake. Alipomfikia mkewe alimsukuma ukutani kwa bega, akaendelea kukimbia.